Solo za Jazi: Namna ya Kufanya Mazoezi Ukianza na Sauti Yako

Mara ya kwanza nilipoitwa mbele kupiga solo nilikuwa na skeli zote kumi na mbili vidoleni. Nilianza vizuri. Kufika baa ya tisa hivi sikujua tena nipo wapi, nikabaki kupandisha na kushusha skeli kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko ya koti lisilo lake, mpaka mpiga dramu alipopiga kwa nguvu kuniashiria kwamba mzunguko umeisha. Tulipomaliza, mpiga besi, mtu mzima mwenye maneno machache, akanisogelea.

"Mdogo wangu, wimbo huu unaujua?"

"Naujua, kaka."

"Hebu niimbie."

Niliimba mistari miwili, nikakwama. Akacheka kidogo, akaendelea kufunga besi yake kwenye mfuko. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja: nisichoweza kukiimba, sikijui. Mazoezi yote nitakayoeleza hapa yanasimama juu ya kipimo hicho. Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, na kwenye jazi lele hiyo hutoka kooni kabla haijafika vidoleni.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Wanamuziki tuna kodi zetu na baa zetu, zisizohusu mapato wala vinywaji. Skeli ni nota zilizopangwa ngazi kwa ngazi. Kodi ni nota tatu, nne au zaidi zinazosikika pamoja. Baa ni fungu la mapigo, na katika jazi mara nyingi mapigo hayo ni manne. Mzunguko ni safari moja ya wimbo kutoka baa ya kwanza hadi ya mwisho. Bendi hurudia mzunguko huo tena na tena, na anayepiga solo hubuni melodi mpya juu yake. Nachukulia kwamba ala yako unaimudu kiasi, yaani unaweza kupiga skeli za meja bila kusimama na unajua kodi ya C7 ina nota gani. Kama bado, anzia huko, kisha urudi.

Hatua ya kwanza: wimbo mmoja kwa mwezi mzima

Wanaojifunza hupenda kukusanya nyimbo. Leo hii, kesho ile, na baada ya mwaka wana nyimbo arobaini kwenye daftari na hakuna hata moja wanayoweza kuipiga gizani. Chukua moja tu. Ninayoishauri ni bluzi ya baa 12 kwa kii ya F, yaani F ndiyo nota ya nyumbani, kwa sababu ni fupi, kodi zake ni chache, na popote wanajazi wanapokutana kuna atakayeitaja. Hii hapa katika umbo lake jepesi la kijazi:

F7 | F7 | F7 | F7
B♭7 | B♭7 | F7 | F7
Gm7 | C7 | F7 | C7

Ukipiga tarumbeta au saksafoni ya tena, F ya piano kwako ni G. Kwenye saksafoni ya alto ni D. Andika upya kodi zote kwa kii yako kabla ya kuanza, kisha ukariri. Karatasi ikiendelea kukaa mbele yako, macho yatafanya kazi ya masikio.

Sasa tafuta melodi. Usianze na ngumu. C Jam Blues ya Duke Ellington imejengwa kwa nota mbili tu, G na C, na bado imepigwa na mabingwa kwa miongo mingi. Ihamishie kwenye kii ya F, nota zake ziwe C na F. Iimbe mpaka ikukere. Kisha imba sauti za chini za kodi, zile ambazo mpiga besi angeanza nazo: F mara nne, B♭ mara mbili, F mara mbili, G, C, F, C. Imba ukipika, imba ukitembea. Hili ndilo zoezi linalorukwa kuliko yote, kwa kuwa halionekani kama mazoezi. Mimi nilisaidiwa na udhaifu: mpiga tarumbeta anayeanza midomo yake huchoka baada ya nusu saa, kwa hiyo ilinilazimu nusu ya kazi niifanye kwa sauti. Wapiga piano na gitaa hawana breki hiyo, nao huweza kuchezesha vidole saa tatu bila kusikia chochote.

Hatua ya pili: kujua ulipo

Kupotea ndani ya mzunguko ndiyo aibu ya kwanza ya kila mwanajazi, na dawa yake haihitaji ala. Washa rekodi ya bluzi ya kii yoyote. Piga makofi pigo la kwanza la kila baa na uhesabu baa kwa sauti: moja, mbili, tatu, hadi kumi na mbili. Baada ya mizunguko michache acha kuhesabu, inua mkono tu kila mzunguko unapoanza. Ukiweza kuinua mkono mahali sahihi mara tano mfululizo huku mpiga piano akifanya vituko vyake, umeanza kulisikia umbo.

Kisha chukua ala. Piga baa nne, nyamaza baa nne, piga nne. Kwenye mzunguko unaofuata geuza: nyamaza, piga, nyamaza. Utagundua kwamba kunyamaza kwa usahihi ni kugumu kuliko kupiga. Wakati wa ukimya imba melodi kimoyomoyo, maana melodi ndiyo ramani. Nambari zitakuponyoka tempo ikipanda, melodi haitakuponyoka.

Kuna mahali pawili pa kujishika. Baa ya tano, ambapo F7 inahamia B♭7, hata mtoto huhisi kwamba kitu kimebadilika. Na baa ya tisa, ambapo wimbo unaanza kutafuta njia ya kurudi nyumbani. Zizoee sehemu hizo mbili mpaka uzihisi mwilini.

Hatua ya tatu: nota moja, midundo mingi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo solo nyingi za wanafunzi hufa. Msikilizaji husamehe nota isiyofaa iliyokaa kwenye mdundo mzuri. Nota sahihi iliyokaa vibaya hasamehi, hata kama hajui kinachomkera ni nini.

Weka metronomu, kile kifaa cha kupiga tiki kwa mwendo usiobadilika, kwenye tiki 60 kwa dakika, lakini usiyasikie mapigo yake kama moja, mbili, tatu, nne. Yasikie kama pigo la pili na la nne tu. Maana yake tempo yako ya kweli ni 120, na metronomu inashika nafasi ya kofi au ya matoazi ya mpiga dramu. Sema kwa sauti: "moja, MBILI, tatu, NNE", na tiki iangukie kwenye mbili na nne. Siku ya kwanza utateleza, utajikuta tiki imehamia kwenye moja. Simama, anza upya. Wiki moja hutosha kuizoea.

Sasa chagua nota moja, tuseme F, na upige solo ya mizunguko mitatu kwa nota hiyo peke yake. Ndiyo, F tu. Unachoruhusiwa kubadilisha ni urefu, nguvu, mahali pa kuingia na ukimya. Mzunguko wa kwanza utaona ni mchezo wa kitoto. Wa pili utaishiwa. Wa tatu, ukivumilia, ndipo mawazo huja: kuingia nusu pigo kabla ya baa, kurudia mdundo uleule huku ukiusogeza pigo moja mbele, kuikata nota ghafla. Kesho yake ongeza nota ya pili, A♭. Keshokutwa C. Nota tatu zitakutosha kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kuhusu swingi, yaani ule mwendo wa kubembea wa jazi, maelezo ya kawaida ni kwamba pigo hugawanywa mafungu matatu, nota ya kwanza ikachukua mawili na ya pili moja. Kama mwanzo inafaa, ila usiishike kama sheria. Tempo ikiwa ya polepole tofauti huwa kubwa. Tempo ikikimbia, nota hizo mbili hukaribiana hadi kulingana. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya swingi hutokana na kuikazia ile nota ya pili, iliyo katikati ya mapigo, na kuiunganisha na inayofuata. Hilo haliandikiki. Piga sambamba na rekodi, nota kwa nota, mpaka sauti yako izame ndani ya sauti ya rekodi.

Hatua ya nne: nota zinazobeba kodi

Mwanafunzi akiona F7 huwaza skeli. Skeli ina nota saba na haikuambii ipi ina uzito. Ninavyoona mimi, anza na nota mbili za kila kodi, ya tatu na ya saba ukihesabu ngazi za skeli kuanzia nota ya chini ya kodi. Hizo ndizo zinazomwambia msikilizaji hii ni kodi ya aina gani, hata besi ikinyamaza.

Tazama kinachotokea kwenye bluzi yetu. F7 ina A na E♭. B♭7 ina D na A♭. Kwa hiyo ukivuka kutoka baa ya nne kwenda ya tano, A inashuka nusu toni tu, hatua ndogo kuliko zote kwenye piano, kuwa A♭, na E♭ inashuka nusu toni kuwa D. Kodi imeruka mbali, ila nota muhimu zimesogea upana wa kidole. Kaa kwenye piano hata kama si ala yako, piga A na E♭ kwa pamoja, kisha A♭ na D. Umeisikia bluzi nzima kwa vidole viwili.

Endelea. Gm7 ina B♭ na F. C7 ina E na B♭. Kutoka Gm7 kwenda C7, F inashuka kuwa E, na B♭ inabaki ilipo. Kutoka C7 kurudi F7, B♭ inashuka kuwa A, na E inashuka kuwa E♭. Karibu kila mahali ni nusu toni au kubaki ulipo. Jazi imejaa njia za namna hii, na ukiijua moja kwa masikio utaanza kuzisikia nyingine zenyewe.

Imba njia ya kwanza, nota ndefu moja kwa kila baa: A kwa baa nne, A♭ mbili, A mbili, B♭ mbili, A, na mwisho B♭. Halafu njia ya pili: E♭ nne, D mbili, E♭ mbili, F, E, E♭, E. Ukishaziimba bila msaada, zipige. Kisha zivishe mdundo uliouzoea kwenye zoezi la nota moja. Usiongeze nota nyingine bado. Ukirekodi hapa utashangaa: mtu atakayesikiliza atatambua kodi zinabadilika ingawa hakuna anayekusindikiza.

Baada ya hapo jifunze kuzizunguka. Unataka kutua kwenye D pigo la kwanza la baa ya tano? Kwenye pigo la nne la baa ya nne piga nota mbili za nusu pigo, E♭ halafu C♯, kisha D. Moja ya juu, moja ya chini, unatua. Ukitaka kutua kwenye A mwanzoni mwa baa ya saba, piga B♭, G♯, A. Sikio la msikilizaji huvutwa na zile nota mbili, likisubiri ya tatu. Zoezi lenyewe ni hili: mzunguko mzima nyamaza, isipokuwa nota tatu hizo kila kodi inapobadilika. Polepole, metronomu kwenye 50, pigo la pili na la nne. Kosa kubwa ni kufika mapema. Nota ya kutua iangukie pigo la kwanza barabara. Ukishaliweza hilo, ndipo ujaribu kuitanguliza nusu pigo kwa makusudi.

Skeli ya bluzi, F, A♭, B♭, B, C, E♭, itumie, ni tamu. Tahadhari yangu ni moja: inafaa juu ya kodi zote, na kwa sababu hiyo inaweza kukuzuia kuzisikia kodi miaka mitatu. Ichukulie kama pilipili.

Hatua ya tano: kuchota solo kwa masikio

Hakuna aliyejifunza jazi bila kuiga. Mpiga saksafoni Charlie Parker alipokuwa kijana, katikati ya miaka ya 1930, alipanda jukwaani Kansas City akapotea kwenye wimbo, na mpiga dramu Jo Jones akatupa toazi sakafuni kumwambia ashuke. Kiangazi cha 1937 Parker alikwenda kufanya kazi na bendi kwenye milima ya Ozark akiwa na rekodi za mpiga saksafoni Lester Young, akazikariri solo zake. Alirudi mtu mwingine. Baadaye aliwahi kusema kwamba kwa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku. Saa hizo sikushauri, maana wengi wetu tuna kazi na familia. Njia yake ndiyo ya kufuata: masikio kwenye rekodi ya mtu mmoja, muda mrefu.

Walimu wengi hudai unakili solo nzima. Sikubaliani nao kwa anayeanza. Nakili baa nne, lakini zile nne ziwe zako kabisa. Chagua mpigaji anayeacha nafasi. Mpiga tarumbeta Miles Davis kwenye albamu ya Kind of Blue ya 1959 anafaa, hasa solo yake ya So What, kwa sababu kodi ni mbili tu, tempo ni ya wastani na kila kauli, yaani kila kipande cha melodi, ina mwanzo na mwisho. Mpiga tarumbeta Chet Baker naye anafaa sana, kwani alikuwa mwimbaji pia na solo zake zinaimbika.

Utaratibu wangu ni huu, na mpangilio wake una maana. Siku mbili za kwanza nasikiliza tu, bila ala, mara kumi au ishirini. Siku ya tatu naimba pamoja na rekodi, na kama inakimbia naipunguza kwa programu hadi asilimia 70. Kisha naizima na kuimba peke yangu. Hapa huwa nagundua kwamba nilidhani naijua. Narudi kwenye rekodi. Ninapoweza kuimba yote na pumzi zake, na pale anapochelewa kidogo, na ile nota anayoibana nusu, ndipo nachukua tarumbeta. Kuandika kwenye karatasi huja mwisho, au hakuji kabisa. Lennie Tristano, mpiga piano na mwalimu aliyekuwa kipofu, aliwataka wanafunzi wake waimbe solo za Lester Young na za wengine kabla hawajaruhusiwa kuzigusa kwenye ala. Nilipoanza niliona ni kupoteza muda. Leo naona vidole vikishaijua solo kabla ya sikio, sikio halifanyi kazi tena.

Ukishaimiliki kauli moja ya baa mbili au nne, izungushe kwenye kii zote 12 kwa mpangilio huu: C, F, B♭, E♭, A♭, D♭, G♭, B, E, A, D, G. Kii moja kwa siku yatosha. Kisha iharibu. Badilisha mdundo, nota zibaki. Badilisha nota, mdundo ubaki. Ianze pigo la pili. Ikate nusu na umalizie kwa maneno yako. Kauli iliyonakiliwa na kuachwa kama ilivyo utaitupa kwenye solo na kila mtu atasikia kwamba umeibandika. Iliyoharibiwa mara kumi huja yenyewe, na huenda hata wewe usitambue ilikotoka.

Hatua ya sita: sema, rudia, jibu

Maneno ya bluzi huimbwa mara nyingi hivi: mstari wa kwanza, mstari uleule tena, halafu mstari wa tatu unaojibu. Baa nne, nne, nne. Tumia umbo hilohilo kwenye solo. Buni kauli fupi baa mbili za kwanza, nyamaza mbili. Baa ya tano irudie, ila nota moja isogee kuifuata kodi: ile A iwe A♭. Baa ya tisa jibu kwa kitu tofauti. Mfano halisi: kauli yangu ni C, D, F, A, nikisimama kwenye A. Kwenye baa ya tano napiga C, D, F, A♭. Nota moja imebadilika, na mtu aliye nyuma kabisa ya ukumbi husikia kwamba najua ninachokisema.

Zoezi hili hulifanya kwa mizunguko mitano mfululizo, kila mmoja na kauli yake. Utashawishika kujaza ule ukimya. Usiujaze. Imba kauli wakati wa ukimya ili ukumbuke uliyosema, maana huwezi kurudia usichokikumbuka. Ukishaweza, ufupishe ukimya mwenyewe kwa hiari.

Siku yenyewe ikoje

Dakika 45 kila siku zina nguvu kuliko saa tano za Jumamosi. Zangu huanza na dakika kumi za kuimba bila ala: melodi, sauti za besi, njia ya tatu na ya saba. Dakika kumi zinazofuata ni za mdundo na metronomu. Robo saa ni ya kauli niliyochota, kii ya siku hiyo. Dakika kumi za mwisho napiga solo bila kusimama, na hapo hakuna kurekebisha: nikikosea naendelea, kwa sababu jukwaani hakuna kurudi nyuma. Watu huchanganya mambo haya mawili. Ukisimama kila unapokosea unajifunza kusimama. Usiposimama kamwe unayakariri makosa. Yatenge.

Kuna siku hutakuwa na nafasi ya kelele. Mpiga saksafoni Sonny Rollins, akiwa tayari ana jina kubwa, aliacha kupanda jukwaani mwaka 1959 akawa anafanyia mazoezi kwenye daraja la Williamsburg jijini New York hadi 1961, sababu moja ikiwa kutowasumbua majirani. Kama huna daraja, imba ukiwa umebonyeza vidole kwenye meza.

Mara moja kwa wiki jirekodi kwa simu, mizunguko mitatu, kisha usisikilize siku hiyo. Sikiliza kesho yake, ukiwa umepoa, na uandike jambo moja tu la kurekebisha. Rekodi yangu ya kwanza ilinifundisha nisichokitarajia: kila kauli yangu ilianza pigo la kwanza. Zote. Kama mtu anayeanza kila sentensi kwa jina lake. Sikuwa nimelihisi hata kidogo nilipokuwa nikipiga. Wiki nzima iliyofuata nilijikataza kuingia kwenye pigo la kwanza, nikaanzia pigo la pili au katikati ya la tatu, na solo ikapumua. Wewe yako huenda ni nyingine. Pengine kauli zote zina urefu mmoja, pengine zote hupanda, pengine unakimbilia mbele ya besi.

Ukiwa na wenzako

Rekodi za kusindikiza zinasaidia, lakini hazikujibu. Hata mpiga gitaa mmoja au mpiga dramu peke yake anafundisha kuliko rekodi, kwa sababu ukipiga kitu naye anabadilika. Anzeni kwa kupokezana baa nne: wewe nne, yeye nne. Sharti: lazima uanze na kitu alichomalizia, walau mdundo wake. Hapo huwezi kuleta ulichokikariri nyumbani. Lazima umsikilize.

Makosa yatakuja. Mpiga piano Herbie Hancock amesimulia kwamba akiwa na bendi ya Miles Davis miaka ya 1960 alipiga kodi isiyofaa kabisa katikati ya solo ya Miles, na Miles akanyamaza kidogo kisha akapiga nota zilizoifanya kodi ile isikike kama imekusudiwa. Namna ya kulifanyia mazoezi hilo ni rahisi. Piga nota mbaya kwa makusudi, ndefu, halafu utafute nusu toni ya juu au ya chini. Karibu kila mara moja kati ya hizo mbili ni nota nzuri. Ukishalifanya mara mia, nota mbaya haikushtui tena, na mshtuko ndio unaoharibu solo kuliko nota.

Baada ya mwezi au miwili na bluzi ya F, chukua bluzi hiyohiyo kwa B♭, kisha So What, ambayo ina baa 32: baa 16 za D maina, nane zilizopanda nusu toni, nane za kurudi. Nyimbo zenye kodi nyingi zinazokimbia ziache. Giant Steps ya John Coltrane, iliyorekodiwa 1959, ilimsumbua hata mpiga piano hodari kama Tommy Flanagan siku ile studio.

Na bado utapotea, nami hupotea. Siku hizi ikinitokea naondoa tarumbeta mdomoni, naimba melodi kimoyomoyo, nasikiliza besi mpaka iingie B♭, kisha naanza tena kutoka baa ya tano. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nilinyamaza baa tatu. Mpiga besi wetu aliwahi kuniambia ndizo baa alizozipenda.